Niko Mombasa tangu 2012 na bado naitwa mbara, yaani mtu wa bara, nyinyi mlizoeleka vipi?

Jamani habari zenu. Mie asili yangu Kisii, naishi Kisauni, watoto wote wamezaliwa huku na wananicheka nikiongea, ati baba "anakura" wali. Majirani hawana neno kabisa. Lakini uchaguzi ukikaribia tu mke wangu anaanza kufunga mabegi awapeleke watoto ushago kijijini, na hakuna hata aliyetutisha, ni zile habari za Likoni 1997 tulizosimuliwa, watu wa bara waliposhambuliwa na kufukuzwa kabla ya uchaguzi. Sasa nauliza, mtu anakuwa wa hapa lini?

Mmakonde wa Kwale: Kaka wewe angalau una kitambulisho. Babu alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, baba kazaliwa Kwale, mie vilevile, na mpaka 2016 serikali ilikuwa hainijui. Laini ya simu jina la mke, M-Pesa jina la mke, pesa nimetafuta mwenyewe na kuitoa lazima niombe 😂 Oktoba mwaka huo watu wetu wakatembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona Rais Uhuru ndio vitambulisho vikatoka, sasa tunaitwa kabila la 43 la Kenya. Ila majirani Wadigo hawakungoja karatasi, mamangu alipofariki 2009 wao ndio walichimba kaburi.

Bi Majengo: Mwanangu, matanga ya mtaani huwa waenda ama watuma mia mbili kwa simu? Wabara mwapenda sana kutuma. Twapokea, ahsante, lakini anayekumbukwa ni yule aliyekuja akabeba viti akakaa barazani mpaka usiku. Na mkeo akisikia kuna harusi asingoje kadi, achukue kisu chake aende akamenye vitunguu.

Kadzo_K: Bi mkubwa sawa, lakini vitunguu havileti hati ya shamba. Mie Mgiriama, hapa ni kwa mababu, na tangu ile sheria ya ardhi ya 1908 sisi ni maskwota, twakaa kwenye ardhi bila hati, mwenye shamba hata sura yake hatuijui. Huyu kaka ana ploti Kisauni, sasa mgeni ni nani hapo?

Aliyeuliza: Kadzo hata mie hati sina, nina makubaliano ya wakili tu, kwa hivyo tuko pamoja 😅 Bi Majengo umenipata, mwezi jana nilituma mia tatu. Kesho kuna hitima kwa jirani. Viti hubebwa saa ngapi?