Jino lilirudishwa likashika, sasa eksirei inaonyesha mzizi unaliwa. Unaliwa na nini?

mama_wawili:
Habari za jioni wapendwa, naombeni mnieleweshe maana sina amani. Kijana wangu ana miaka 10, mwaka jana alianguka shuleni wakati wa mapumziko jino la mbele la juu likatoka zima na mzizi wake, wakalifunga kwenye kitambaa, mpaka nimefika na kumkimbiza hospitali yalikuwa yameshapita kama masaa mawili. Daktari akalirudisha akalifunga waya na wenzake na kweli likashika, tukamshukuru Mungu. Juzi tumerudi kuangaliwa, kapigwa eksirei, naambiwa mzizi unaliwa na umeshapungua sana. Mtoto halalamiki maumivu na jino halitingishiki hata kidogo! Bibi yake anasema ni wadudu wa meno, daktari anasema ni mwili wenyewe, ila foleni ilikuwa ndefu sikupata nafasi ya kuuliza zaidi. Mwili unakulaje jino lake wenyewe? Na ling'olewe au liachwe?

kaka_wa_Ilala:
Pole sana dada. Hiyo ni upungufu wa kalsiamu, mpe maziwa na dagaa kwa wingi litakaa sawa.

tabibu_kinywa:
Kaka dagaa ni wazuri na ale tu, ila hapa tatizo sio kalsiamu, atakunywa maziwa mwaka mzima na mzizi utaendelea kupungua.

Dada pole, daktari wako yuko sahihi. Ngoja nieleze taratibu maana wazazi wengi wanaambiwa hili kwa sentensi moja wanarudi nyumbani na hofu tu. Mfupa wa binadamu haujatulia, kila siku kuna mahali unabomolewa na mahali unajengwa upya, mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa yake inabadilishwa kila mwaka, na mtoto kasi yake ni kubwa zaidi maana anakua. Seli zinazobomoa zinaitwa osteoklasti (Albert Kölliker alizieleza tangu 1873), zinajibandika kwenye mfupa zinamwaga asidi inayoyeyusha madini, halafu vimeng'enya vinamalizia nyuzi za protini zilizobaki. Nyuma yake zinakuja osteoblasti zinajenga.

Sasa jino limekaa ndani ya mfupa huohuo, mbona lenyewe haliliwi? Kwasababu mzizi haugusani na mfupa, katikati kuna utando mwembamba wa nyuzi na seli hai, ndo unaoshikilia jino na ndo unaolilinda. Meno ya utoto yenyewe yanaliwa na ni kawaida kabisa, jino la ukubwani likianza kutoka linaamsha seli za kubomoa zinakula mzizi wa lile lililolitangulia, ndo maana jino analorusha mtoto juu ya bati unakuta halina mzizi, watu wanadhani lilizaliwa hivyo kumbe mzizi ulikuwepo. Na ndo maana kuna watu wazima wana jino moja la utoto mpaka leo, la chini yake halikuwepo kabisa.

Kwa kijana wako, seli za utando zilizobaki kwenye mzizi zilikauka. Jino likikaa nje kavu zaidi ya dakika 60 tunahesabu zimekufa. Kulirudisha bado ilikuwa uamuzi mzuri, ila hapo mwili ukipona unaunganisha mfupa na mzizi moja kwa moja, na kuanzia hapo osteoklasti haitofautishi tena, inabomoa mzizi kama inavyobomoa mfupa na panapobomolewa panajazwa mfupa. Hakuna maumivu wala usaha. Na jino likishagandana hivyo halichezi hata kidogo, wakati jino zima lina mchezo wake mdogo.

Lakini kuna aina nyingine, ya maambukizi. Kiini, yaani ile nyama laini yenye mishipa ndani ya jino, kinakufa, bakteria wanaingia, sumu yao inapenya mpaka nje ya mzizi, hii inakula kwa miezi michache tu na ni hatari zaidi, ila inatibika mzizi ukisafishwa na kuwekwa dawa. Kwahiyo niambie, kiini kilitolewa?

mama_wawili:
Asante sana daktari, Mungu akubariki. Ndio kilitolewa, walisafisha na kuziba mwaka jana uleule. Juzi daktari aligonga lile jino na mpini wa kioo akagonga na la jirani, hata mimi nilisikia, lile linalia mkavu kama chuma. Na nikiliangalia naona limekuwa fupi kuliko mwenzake.

tabibu_kinywa:
Basi ni ile ya kwanza, na mlio huo ndo dalili yake kubwa. Halijafupika dada, mwenzake anashuka na taya linavyokua, hili limegandana limebaki palepale. Usikubali ling'olewe haraka haraka, kung'oa jino lililogandana kunaondoka na mfupa mwembamba wa mbele na huo ndo mali yake ya baadaye. Likizama zaidi ya milimita 1 kuna njia ya kukata kichwa cha jino na kuacha mzizi ndani ya fizi, Malmgren na wenzake wa Sweden waliieleza 1984, mzizi unageuka mfupa taratibu na upana wa taya unabaki. Anavaa jino la bandia la kuvua, implanti (jino la bandia linalopandikizwa kwenye mfupa) inasubiri mpaka amalize kukua. Muulize daktari wako kuhusu hilo, na apigwe eksirei kila anapopangiwa.

Na jamani mnaosoma, jino LA UKUBWANI likitoka shika kichwa usishike mzizi, usilisugue, lisuuze haraka lirudishe palepale na mtoto aume kitambaa. Ukishindwa litumbukize kwenye maziwa hata ya pakiti ya dukani, sio maji, maji yanapasua zile seli. Halafu kimbia. La utoto halirudishwi, linaweza kuumiza la chini yake.

mzee_wa_Bagamoyo:
Daktari na mimi hapohapo. Mama yangu aling'olewa meno yote, ya bandia yalimkaa vizuri kabisa saivi ya chini yanaruka akiongea. Ni hizohizo seli?

tabibu_kinywa:
Hizohizo mzee wangu. Mfupa ulioshika meno upo kwa ajili ya meno, yakitoka unaanza kubomolewa, tundu la jino moja linaweza kupoteza karibu nusu ya upana ndani ya mwaka na sehemu kubwa ni miezi 3 ya mwanzo. Kwa asiye na meno kabisa taya la chini linapungua karibu mara 4 ya la juu, ndo maana ya chini yanasumbua. Asiyabane na gundi miaka yote, mpeleke kwa daktari wa meno yajaziwe upande wa ndani yakae upya, na usiku ayavue fizi ipumzike.

mzee_wa_Bagamoyo:
Nimekuelewa, nampeleka wiki hii.