Chumba cha watoto kuchora na kusoma: meza iwe na kimo gani, ubao wa aina gani?

MamaWawili_Nax
Wadau, hamjambo? Niko Nakuru. Nina chumba cha futi 10 kwa 10, nataka kiwe cha watoto kuchora na kusoma. Mkubwa ana miaka 5, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Kuta nimeshaandaa. Nimekwama kwa meza na ubao: nipake ukutani au ninunue? Jumamosi watoto wa majirani wanakuja na hata usingizi sipati. Nisaidieni jameni.

Seremala_Kibuye
Mpime mtoto kwanza, mama. Akikaa, nyayo zote zikanyage sakafu. Wa kimo cha sentimita 110 hivi, kiti kiwe 31 na meza 53. Meza ikiwa juu zaidi, mabega yanapanda na mkono unachoka kabla picha haijaisha. Plywood moja ya futi 8 kwa 4, milimita 18, inatoa meza na rafu. Pembe zizungushwe. Rafu isizidi sentimita 75 na ifungwe ukutani kwa skrubu, maana mtoto akiona kalamu juu, rafu inakuwa ngazi.

Mwl_Chekechea
Meza si muhimu kama wanavyodhani. Mpe kitu cha kufinyanga. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi 1, maji 2, mafuta vijiko vikubwa 2, maji ya ndimu vijiko vikubwa 2. Koroga kwenye moto mdogo mpaka donge liachane na sufuria, kisha ukande likiwa vuguvugu. Lisilopikwa hunata na kuharibika upesi. Weka kwenye kopo lenye kifuniko. Wa chini ya miaka 3 asiachiwe peke yake nalo, chumvi ni nyingi mno. Na wazazi tuache kuwajazia vitabu vya kupaka rangi ndani ya mistari. Karatasi tupu ndiyo inayomfundisha mtoto kuamua.

Otis_Ksm
Ubao: rangi ya maji kikombe 1, grauti ya vigae (unga wa kuziba nafasi kati ya vigae) isiyo na mchanga vijiko vikubwa 2. Changanya kidogo kidogo, inaganda. Paka mara mbili kwa rola, ngoja siku 3, kisha laza chaki ubavu uisugue ubao mzima na kufuta. Ukiruka hapo, mchoro wa kwanza hautoki kabisa.
Lakini umesema kuta umeandaa. Umeziandaaje? Nyumba ni ya zamani?

MamaWawili_Nax
Ni ya kupanga tu.

Otis_Ksm
Sikuuliza hilo, dada.

MamaWawili_Nax
Haya. Ni ya mawe, mzee jirani anasema ilijengwa kabla ya uhuru. Ukutani kulikuwa na rangi ya mafuta, njano juu, nyekundu chini, inabambuka. Nimeikwangua kwa msasa siku mbili. Mdogo ana miezi 14, alikuwa akitambaa humo humo. Lakini dirisha lilikuwa wazi na nilifagia kila jioni! Fundi ndiye aliyeniambia nitumie msasa. Rangi mpya nimeshanunua, dukani hawairudishi.

Nesi_Kakamega
Weka msasa chini leo. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano na nyekundu, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Msasa mkavu unayasaga yawe vumbi, ufagio unalirusha, na anayetambaa analila kwa vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Damu ikionyesha mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Usingoje dalili. Wapeleke wote wawili, uombe kipimo cha risasi kwa jina hilo, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha damu hakiionyeshi.

Ukweli_Kwanza
Mimi hadithi hii siiamini. Alianza na mtoto mmoja, sasa kuna wa pili, na nyumba imezeeka ghafla. Watu hutunga ili uzi uchangamke.

Mwl_Chekechea
Ndugu, soma jina lake. Ni MamaWawili tangu juu. Alificha kwa sababu aliogopa kusemwa.

Ukweli_Kwanza
Basi aweke picha ya ukuta.

Seremala_Kibuye
Picha haionyeshi risasi. Mama, Jumamosi ahirisha. Funga mlango, weka kitambaa chenye maji chini yake. Piga deki kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuza, maji ubadilishe kila mara. Anza dirishani umalizie mlangoni. Vitambaa tupa. Rangi inayoning'inia ilowanishe kwanza, iondoe kwa kikwangulio cha mkono juu ya karatasi ya nailoni, kisha rangi yako mpya ifunike ukuta wote. Ubao upake kwenye plywood yenye miguu, ukutani usitoboe, hata ile rafu ingoje kwanza.

MamaWawili_Nax
Nimefunga mlango. Hospitali kesho asubuhi. Pazia lilikuwa limening'inia muda wote nikikwangua, nilifanyeje?

Nesi_Kakamega
Lirashie maji lingali juu, likunje kwa ndani, lifue peke yake. Na nguo ulizovaa siku hizo mbili pia.