Tovuti ya gesti yangu: kidirisha cha "Kubali vidakuzi" nikiweke, au urembo tu?

GestiPwani (Unguja)

Assalaam alaykum wanajamvi. Nina gesti ndogo huku pwani ya mashariki. Wageni wangu wengi Wajerumani na Wataliani, na siku hizi Wabara nao wanakuja sana sikukuu. Tovuti kanitengenezea kijana mmoja wa Dar: ina kurasa za Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, bei kwa dola na yuro.

Sasa kuna Mjerumani kaniandikia barua pepe. Kwa adabu, lakini unaona kabisa kakasirika. Anasema aliingia kutazama bei tu, hakuulizwa chochote, na tangu hapo matangazo ya Zanzibar yanamfuata kila anakokwenda mtandaoni. Anataka kujua namwekea vidakuzi gani na taarifa zake nampa nani.

Kijana wangu anasema, "Bosi, nitumie hela kidogo nikupachikie kidirisha cha Kubali vidakuzi, kesi imeisha." Shemeji yangu anasema hicho kidirisha ni urembo, kila mtu anabonyeza Kubali ili apite. Nimlipe? Na kweli tovuti yangu inampeleleza mtu? Mie sijamwagiza yeyote kumfuata mgeni wangu.

Kobe_Mzee

Lipa upumzike. Mzungu akikosa cha kulalamikia ataanza na upepo.

FundiWaya (Dar)

Usilipe kwanza. Nitumie anuani ya tovuti inboksi niichungulie.

Huku nikisubiri: kidakuzi (cookie) chenyewe hakina ubaya. Ni maandishi mafupi ambayo tovuti inakipa kivinjari chako (Chrome, Safari na kadhalika) ikikiambia "kaa na hii, ukirudi nioneshe". Kilibuniwa 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kwa sababu wavuti haina kumbukumbu. Kila ukurasa unaoufungua, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) inakuona mgeni kabisa. Mteja achague chumba, aweke tarehe, afike kwenye malipo, seva imeshamsahau. Kidakuzi kikaziba hilo pengo.

Shida ni wale wanaopanda humo bila nauli. Ukurasa wako ukiwa na video, ramani au kipande cha kodi (code, maandishi ya programu) kutoka kampuni nyingine, kivinjari cha mgeni kinakwenda kugonga hodi kwa kampuni hiyo, nayo inapata nafasi ya kuweka kidakuzi chake, chenye namba ya kumtambua. Kampuni hiyohiyo ipo kwenye maelfu ya tovuti nyingine. Asubuhi inaiona namba fulani kwenye gesti yako, mchana inaiona namba ileile kwenye gazeti, usiku kwenye duka la viatu. Jina huenda hailijui. Lakini kama mtu ana akaunti yao na ameingia, basi na jina wanalo.

FundiWaya (Dar)

Nimeifungua kwenye kompyuta, nikabonyeza F12 (kitufe kinachofungua zana za ndani za kivinjari), nikaenda Application halafu Cookies. Sikugusa kitu kingine chochote, na tayari nilikuwa nimewekewa hivi:

PHPSESSID. Hiki ni chako, cha fomu ya kubuku. Kinakufa kivinjari kikifungwa. Kiache.

_ga. Google Analytics, ya kuhesabu wageni. Kwa kawaida kinaomba kukaa miaka 2, ila Chrome siku hizi haikubali kidakuzi kizidi siku 400.

_fbp. Hii ni Pixel ya Facebook, kodi ya kuwafuatilia walioingia kwenye tovuti ili watangaziwe. Siku 90.

IDE, kutoka doubleclick.net. Matangazo ya Google. Huyu ndiye ninayemshuku kwa yule Mjerumani wako, yeye na Pixel.

VISITOR_INFO1_LIVE. YouTube, kwa sababu ya ile video ya droni uliyoweka juu kabisa. (Nzuri lakini, hongera.)

Kwa hiyo kati ya vyote hivyo, kinachofanya kazi ya gesti ni kimoja tu.

GestiPwani

Subhanallah. Pixel ya Facebook ya nini tena? Nimemuuliza kijana, anasema aliiweka kipindi kile tulipotangaza ofa ya Idi, na ya Google aliiunganisha siku hiyohiyo. Ofa ilishakwisha zamani, vitu vimebaki vinafanya kazi.

Bibi_wa_Hamburg

Kaka, hiyo ni kawaida sana, tangazo linaisha, kodi inabaki.

Nikwambie ilivyo huku. Kanuni ya Ulaya ya vidakuzi ni ya 2002, ikakazwa 2009, halafu Mei 25, 2018 ikaja GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data za watu. Jambo lenyewe ni hili: kisichohitajika ili huduma ifanye kazi, unamwomba mtu ruhusa KABLA ya kukiweka. Mahakama ya Ulaya pale Luxembourg, Oktoba 2019, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani Planet49, ilisema kisanduku kilichotiwa tiki tayari si ruhusa. Na Januari 2022 Wafaransa, kupitia mamlaka yao ya kulinda data, CNIL, walitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu Kubali ilikuwa bonyezo moja na Kataa ni safari.

Basi muulize huyo kijana maswali mawili. Kidirisha chake kinazuia hivyo vidakuzi mpaka mtu akubali, au vinaingia huku mtu bado anasoma? Na kitufe cha Kataa kipo hapohapo, ukubwa uleule? Vidirisha vingi vinavyouzwa ni pazia tu, nyuma yake mambo yanaendelea kama kawaida. Ukiweka cha aina hiyo umezidisha kosa, maana sasa unamdanganya mtu kwamba umemuuliza.

Unahusika? Mimi naona unahusika. Una kurasa za Kijerumani na bei za yuro, na hizo ni baadhi ya dalili ambazo GDPR inazitazama kujua kama unawauzia watu wa Ulaya. Tuseme ukweli, hakuna atakayepanda ndege kutoka Berlin kuja kukupiga faini. Lakini mgeni amekuuliza kwa haki yake, na anatakiwa kujibiwa ndani ya mwezi mmoja.

Wakili_Kando (Nairobi)

Naongeza moja tu, tusilifanye suala la Wazungu. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Mteja wako wa Mbagala naye ana haki ya kujua taarifa zake zinakwenda wapi. Yeye tu hajakuandikia barua pepe.

Mama_Zuu

Samahani naingilia. Kobe_Mzee anacheka, lakini mimi nilipita kipindi cha kutafuta mtoto, nikawa nasoma makala za uzazi kwenye tableti ya nyumbani. Sikumwambia mtu. Wifi yangu akaichukua aangalie mapishi, matangazo yote vipimo vya mimba na virutubisho. Akaniangalia, hakusema neno. Jioni mama mkwe ananiuliza kama nina habari yoyote njema. Yaani jambo nililoficha familia nzima lilitangazwa na ukurasa wa pilau. Mtu wa kawaida anajikingaje?

FundiWaya (Dar)

Pole sana dada. Kwa upande wa anayetembelea, nianze na kivinjari. Safari inazuia vidakuzi vya kampuni za pembeni tangu Machi 2020. Firefox tangu 2022 inavifungia, kila tovuti na chungu chake, visionane. Chrome waliahidi 2020 kwamba wataviondoa, wakaahirisha weee, 2024 wakaachana na mpango. Kwa hiyo kwenye Chrome unazuia mwenyewe: Mipangilio, mipangilio ya tovuti, vidakuzi vya washirika wengine, zuia. Karibu kila kitu kinaendelea kufanya kazi.

Ile hali fiche (incognito) ya kivinjari inasaidia jambo kama lako la tableti ya pamoja, kwa sababu ukifunga madirisha yote, vidakuzi na historia vinafutika. Lakini inafuta kwenye kifaa tu. Tovuti imekuona, na mtandao wa ofisini umekuona. Na ukiingia kwenye akaunti yako humohumo, umejitambulisha mwenyewe.

Kuna na njia za kumtambua mtu bila kidakuzi, kwa kuunganisha ukubwa wa skrini, fonti, aina ya simu na kadhalika. Kwa hiyo usidhani ukifuta vidakuzi umepotea kabisa machoni pao.

GestiPwani, kwako wewe: badala ya kununua kidirisha, ondoa vitu. Toa Pixel, toa ya matangazo ya Google. Video weka picha, mtu akibonyeza ndiyo impeleke YouTube. Ramani vilevile, kiungo tu. Idadi ya wageni unaipata kwenye kumbukumbu za seva yako, tena bure. Ukibaki na PHPSESSID peke yake huna cha kuombea ruhusa, na kidirisha hukihitaji.

GestiPwani

Kijana kaja juu! "Sasa utatangazaje bila Pixel?"

FundiWaya (Dar)

Atangaze hukohuko Facebook, achague nchi na umri, alipie. Haihitaji kodi yoyote kwenye tovuti yako. Anachokosa ni kuwafuata watu waliokwisha kuingia kwako, na ndicho alicholalamikia mgeni.

Bibi_wa_Hamburg

Na Mjerumani mjibu hivi, kwa Kijerumani nitakusaidia inboksi: "Ulipoingia, tovuti yetu ilikuwa na vifaa vya Google, Facebook na YouTube vilivyoweka vidakuzi bila kukuuliza. Tumeviondoa leo. Kilichobaki ni kimoja cha fomu ya kubuku, kinafutika ukifunga kivinjari. Vilivyokwisha kuingia kwenye kompyuta yako hatuwezi kuvifuta sisi, unaweza kuvifuta kwenye mipangilio yako." Usiandike "leo" kabla hujaviondoa.

GestiPwani

Vimetoka, nimeangalia kwa F12 mwenyewe, na barua imekwenda. Ahsanteni sana, Mungu awalipe. La mwisho: kitufe cha WhatsApp nacho nitoe?

FundiWaya (Dar)

Kitufe ni kiungo tu, hakipeleki kitu mpaka mtu akibonyeze. Lakini nimeona kuna boksi la chati linaloruka pembeni kwenye ukurasa wa Kijerumani. Hilo ni la kampuni nyingine. Fungua ukurasa huo, F12 tena.