Jeni za mishipa ya damu kwenye saratani ya ovari: bima ilipie kipimo?

Mleta mada
Wagonjwa wa saratani ya ovari wanaotibiwa Dodoma, wakiwemo wa Kondoa, Mpwapwa na Singida, wapimwe jeni zinazochochea mishipa mipya ya damu, VEGF-A na wenzake, na bima ya umma ilipe. Uvimbe haukui bila mishipa. Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliliandika hilo 1971. VEGF ikiwa juu, maji hujaa tumboni na mara nyingi matokeo huwa mabaya. Anayepinga aseme kwa nini.

Mfamasia wa hospitali
Napinga, mkuu. Kujua kwamba ugonjwa ni mkali hakukuambii dawa ipi itausikia. Bevasizumabu, dawa ya dripu, hunasa protini ya VEGF-A, sawa. Katika GOG-0218, jaribio la dawa hiyo kwa wanawake 1,873, muda kabla ya ugonjwa kuendelea ulitoka miezi 10.3 hadi 14.1, lakini urefu wa maisha kwa jumla haukubadilika. Na hadi leo hakuna kipimo cha jeni za mishipa kilichothibitishwa kuchagua nani apewe. Tulipie karatasi ya majibu ya kuweka kwenye faili?

Mtafiti wa jeni
Umeruka sehemu muhimu. Sampuli za ICON7, jaribio jingine la dawa hiyo, ziligawanywa kwa mwenendo wa jeni. Kundi la seli zinazozaliana kwa kasi lilipata kama miezi 10 ya ziada kabla ugonjwa kuendelea. Lile lenye jeni nyingi za kinga, chini ya 4. Kipimo kingeokoa pesa kwa kuwaacha wasiofaidika.

Mfamasia wa hospitali
Uchambuzi mwingine wa sampuli za ICON7 hiyohiyo ulionyesha kundi la kinga likidhurika na dawa. Mmoja unasema faida kidogo, mwingine madhara. Mgonjwa aliyeketi mbele yako utamwambia lipi?

Daktari wa patholojia
Mnabishania majibu ya sampuli iliyokwishaharibika. Uvimbe wa sentimita 15 unatoka thieta unazamishwa mzima kwenye ndoo. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, hupenya kama milimita 1 kwa saa, tena hupungua kasi ikienda ndani. Katikati panaoza na RNA, yaani nakala za jeni zinazopimwa, inakatika vipande. Inatakiwa upasuliwe ndani ya saa moja, vipande vya milimita 5, fomalini mara 10 ya ujazo wa nyama, vikae humo saa 6 hadi 72, basi. Wa Ijumaa mchana anayesubiri hadi Jumanne keshavuka.

Fomalini yenyewe: lita moja ni mililita 100 za fomalini isiyochanganywa, 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye hidrojeni mbili na 6.5 za ile yenye hidrojeni moja. Wengi huchanganya na maji ya bomba tu (na haya yetu ya Dodoma yana chumvi yake), fosfeti hakuna. Inageuka tindikali, slaidi zinajaa madoa meusi, na mashine ya jeni inatoa namba zisizo na maana. Namba itatoka, ndiyo hatari yake.

Daktari wa saratani
Mimi kwa sasa ningechagua wa kupewa dawa bila kupima jeni. ICON7 ilitumia miligramu 7.5 kwa kilo, nusu ya dozi ya GOG-0218. Walionufaika kimaisha ni wenye hali mbaya: hatua ya 4, waliobakiwa na uvimbe unaozidi sentimita 1 baada ya upasuaji, au wasiofaa kupasuliwa. Wastani wao ulitoka miezi 34.5 hadi 39.3. Mama wa kilo 60 anahitaji miligramu 450: chupa ya 400 na ya 100, 50 zinabaki. Wagonjwa wawili siku moja wanagawana hiyo ya 100. Ichanganywe na saline tu, kamwe si glukosi. Kabla ya kila dripu pima presha na protini kwenye mkojo. Na wiki 4 kabla ya upasuaji isitolewe, kidonda hakifungi na utumbo unaweza kutoboka.

Kama bima ina hela ya kipimo kimoja cha jeni, kiwe BRCA, jeni za kurithi zinazohusika na saratani hii. Hicho kinabadilisha dawa, na binti na dada wa mgonjwa nao wanajulikana wapimwe.

Mtafiti wa jeni
BRCA kwanza, nakubali, daktari. Lakini ICON7 haikuchukua sampuli Tanzania. Bloku za nta (vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa ndani ya nta) zinazotengenezwa vizuri kuanzia sasa zitunzwe, zipimwe kwa fedha za utafiti, si za mwanachama wa bima.

Daktari wa patholojia
Hapo naunga mkono. Chupa ya kila sampuli iandikwe saa ya kutoka mwilini na saa ya kuingia fomalini. Nesi wa thieta ana kalamu tayari.