Tabora ni mji wa baiskeli. Kwa nini mwanangu anaulizwa anatafuta nini barabarani?

Mwangaluka wakuu.

Nina hasira na sitaificha. Wiki tatu zilizopita binti yangu wa kidato cha pili amegongwa na gari akitoka shule na baiskeli yake, anarudi nyumbani Ipuli. Mkono wa kushoto umevunjika. Kichwa kimepona kwa sababu aliangukia upande wa mchanga. Angeangukia upande wa lami, leo ningekuwa naandika tanzia.

Ilivyokuwa ni hivi. Alikuwa anaendesha pembeni kabisa, kwenye bega la barabara, kama nilivyomfundisha tangu darasa la nne. Mbele yake kulikuwa na magari mawili yamepaki juu ya hilo bega, nje ya duka la vifaa vya ujenzi. Yanapaki hapo kila siku. Akageuza shingo, akatoa mkono, akaingia barabarani ili ayapite. Gari lililotoka nyuma likampiga kwa kioo cha pembeni. Dereva alisimama, hilo namshukuru. Lakini aliposhuka alianza kwa kuangalia kioo chake, kisha akamgeukia mtoto aliyeshika mkono wake chini pale, akamuuliza: "Wewe mtoto unatafuta nini barabarani na baiskeli?"

Mama mmoja muuza maziwa, naye na baiskeli yake na madumu yake nyuma, ndiye aliyenisimulia. Tangu siku ile swali hilo halijanitoka kichwani. Apite wapi? Bega limepakiwa magari. Nje ya bega kuna mtaro usio na mfuniko. Ng'ambo ya mtaro kuna meza za biashara. Nani alimwachia mtoto wangu njia, akaikataa?

Nilikwenda kwa wenye dhamana ya barabara. Nilisubiri kutoka saa tatu hadi saa sita na nusu. Kijana aliyenipokea alinisikiliza vizuri, akaniambia, "Pole sana mzee wangu, ila siku hizi baiskeli ni hatari, mtafutie mtoto boda ya kumpeleka na kumrudisha." Hakuwa na ubaya, alisema kwa huruma kabisa. Na hapo ndipo nilipochoka. Kama hata anayelipwa kwa ajili ya barabara anaona dawa ni mtoto kuacha baiskeli, basi hakuna anayefikiri kwamba barabara ile ni yetu pia.

Nilipiga hesabu ya hiyo boda. Kwenda 1,000, kurudi 1,000. Siku ishirini na mbili za shule ni 44,000 kwa mwezi, mtoto mmoja. Mimi nina watatu. Baiskeli yake niliinunua mara moja, na ukiacha kubadilisha tairi na kutia mafuta kwenye cheni, haijanidai kitu. Na hiyo boda yenyewe ndiyo salama? Piteni wodi ya mifupa mkaangalie waliolala pale wamefikaje.

Wakuu, nimezaliwa Tabora. Msiowahi kufika huku naomba mnielewe ninaposema mji wa baiskeli. Mji wetu ni tambarare, hauna mlima wa kumkatisha mtu pumzi. Mkaa umeingia mjini kwa baiskeli, asali imekuja kwa baiskeli kutoka vijiji vya Uyui, maziwa, mpunga, maembe, magunia ya karanga, vyote juu ya keria ya Phoenix. Wagonjwa wamepelekwa hospitali kwa baiskeli. Bibi harusi nimewaona. Baba yangu alikuwa kibarua wa reli, alitoka nyumbani alfajiri na baiskeli, na asubuhi ile barabara nzima ilikuwa ni kengele na sauti za watu wanaosalimiana. Walimu, manesi, makarani, mafundi cherehani, wote mle mle. Tulipita chini ya miembe. Aliyewahi kuendesha baiskeli Tabora mwezi wa kumi saa nane mchana anajua thamani ya mwembe mmoja, na sehemu nyingine barabara ilipopanuliwa ile miembe ilikatwa, hakuna aliyerudi kupanda hata mche.

Sasa hivi magari yameongezeka. Sina chuki na mwenye gari. Mtu amehangaika, amechukua mkopo, ameagiza IST yake kutoka Japani, ni haki yake kufurahi. Ninacholalamikia ni kwamba kila gari lililoongezeka limepewa nafasi iliyokuwa ya mtu mwingine, na huyo mtu hakuulizwa. Sokoni, mbele ya maduka, karibu na stendi, bega lote ni maegesho. Sehemu ya gari moja zinaegeshwa baiskeli kumi bila kubanana. Gari lile lina mtu mmoja, tena ameshuka, yuko dukani. Watu kumi wamesukumwa katikati ya lami kwa ajili ya chombo kilichosimama.

Na foleni ndiyo imeanza. Sitadanganya kwamba ni kama ya Dar, lakini jioni ukitaka kupita sokoni na gari unasimama, unapiga honi, unasimama tena. Mji wa ukubwa huu! Mtu anatoka Cheyo kuja sokoni na gari, safari ambayo angeweza kuimaliza kwa baiskeli jasho halijamtoka.

Kuna wanaosema dawa ni kupanua barabara. Nina mdogo wangu anaishi Gongo la Mboto, Dar. Flyover ya Tazara ilifunguliwa 2018, akanipigia simu kwa furaha, kaka sasa tumepona. Ile ya Ubungo ikafunguliwa 2021. Leo bado anaamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini Posta. Pale Tazara kweli anapita juu haraka, halafu anaikuta foleni imemsubiri mbele. Kila nafasi ikifunguliwa, waliokuwa wanasita wanachukua magari yao, na inajaa. Kilichobeba watu wengi kweli kule Dar ni usafiri wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza 2016, na hata huo unapumua kwa sababu umepewa njia yake ambayo gari binafsi haliruhusiwi kuingia. Kumbe inawezekana kuchora mstari na kusema hapa gari halipiti. Dar wamechorewa kwa ajili ya basi. Sisi tunashindwa nini kuchorewa kwa ajili ya baiskeli, chombo ambacho hata mafuta hakinywi?

Ninachokiogopa zaidi ni kitu kingine, na naomba mnisome taratibu hapa. Tangu binti yangu agongwe, majirani zangu wawili wamewazuia watoto wao baiskeli. Mmoja sasa anawapeleka kwa gari. Siwezi kumlaumu, ni mzazi. Lakini asubuhi ile barabarani limeongezeka gari moja na zimepungua baiskeli mbili. Gari lake litamtisha mzazi mwingine, naye atatafuta gari au boda. Tutakwenda hivyo hivyo hadi baiskeli ibaki kwa asiye na uwezo wa kitu kingine, na huyo ndiye atakayegongwa peke yake, na watu watasema maskini hajui alama za barabarani. Mji unageuka kuwa wa magari kwa woga, bila mtu yeyote kukaa kikao akaamua tuwe mji wa magari.

Msiniambie ndiyo maendeleo. Uholanzi, nchi ambayo leo inasifika duniani kwa baiskeli, ilipitia hapa hapa tulipo. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia walipata hela, wakanunua magari, wakaanza kubomoa na kupanua. Mwaka 1971 peke yake barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mmoja alikuwa binti wa mwandishi wa gazeti aliyeitwa Vic Langenhoff. Baba huyo aliandika kwa uchungu mwaka uliofuata, na kichwa cha makala yake, Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto, kikawa jina la vuguvugu zima. Wazazi walifunga mitaa, watoto waliandamana na baiskeli, watu walilala barabarani. Njia za baiskeli wanazojivunia leo zilidaiwa na wazazi wenye hasira. Niliposoma habari za yule baba nilikaa muda mrefu nje, kwa sababu mimi mwanangu nimerudishiwa.

Sasa ninachodai ni nini? Sidai flyover. Nadai bega la barabara libaki bega. Mawe au nguzo fupi za zege zipangwe kwenye zile sehemu magari yanapopanda, basi. Fundi wa mtaani anazimwaga kwa siku mbili. Mitaro ifunikwe, mtu apite juu yake. Na mwendo upungue karibu na shule na sokoni. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, nayo haifuatwi. Lakini hata hiyo 50 ni nyingi mbele ya watoto. Gari likienda 50 nguvu ya kugonga inakaribia kuwa mara tatu ya lile linalokwenda 30, hii ni fizikia ya sekondari, tuliisoma. Wekeni 30 na matuta ya kuisimamia.

Halafu reli ya SGR inakuja. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Treni ikianza kushusha watu hapa kwa mamia, watatoka stesheni kwenda mjini na nini? Kama tukisubiri mpaka siku ile, tutaambiwa nafasi imekwisha, imeshajengwa maegesho. Huu ndio wakati wa kuuliza, michoro ikiwa bado ni karatasi.

Walio Tabora, tajeni hapa chini sehemu ambayo bega limegeuzwa maegesho, na kama umewahi kugongwa au kukoswa hapo, eleza. Kiloleni, Isevya, Ng'ambo, Kanyenye, Chemchem, popote. Nitazikusanya.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu aliyesema mwenye baiskeli naye hana taa usiku, ni kweli, nakubali, na wangu nimewanunulia vimulika. Lakini mwanangu aligongwa saa tisa mchana jua likiwaka, kwa hiyo tusiigeuze mada.

Dada aliyeuliza hali ya mtoto, ahsante sana. Anaendelea vizuri, plasta inatolewa wiki ijayo. Jana alinikuta naitia mafuta ile baiskeli, akaniambia, "Baba, mimi siipandi tena, mpe Juma." Anayemtaja ni mdogo wake, yuko darasa la tano. Shule yake iko kwenye njia ile ile, na magari ya pale dukani leo asubuhi nimeyakuta matatu.

Mkutano wa mtaa wetu ni Jumamosi saa nne. Nimeandika barua, nimeambatanisha picha za lile bega za siku tano mfululizo na kipande cha kioo nilichokiokota pale. Mama wa maziwa amekubali kuja kusema alichokiona. Mwenye baiskeli asiiache nyumbani, aje nayo.