Nani alimvusha Vasco da Gama, na tunakosea wapi tukiutafuta ukweli?

Mkaazi wa Kibokoni: Mzungumzishe mtu yeyote hapa Mvita kuhusu mwaka 1498, atakwambia kwamba rubani aliyemvusha baharia Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut, India, ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Julfar, bandari ya Uarabuni, na ukimwuliza amejuaje atakutajia vitabu vinne. Mnyororo wa vitabu hivyo huishia kwa mwandishi mmoja, Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, ambaye safari ile ilipofanyika hakuwa amezaliwa, ilhali waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani kuwa Mgujarati. Tunahesabu midomo badala ya mashahidi, kisha tunazishika habari kwa kuwa zinatutia fahari, kama wazee wa barazani wanaopokezana maneno pamoja na kahawa.

Kijana wa Mji wa Kale: Ndugu yangu, hayo ya vitabu nakuachia, lakini hilo la wazee na kahawa limeniuma. Nimemwona mzee mmoja karibu na Msikiti wa Mandhry akikiweka kikombe chini na kukataa kusikiliza zaidi mpaka msemaji amtaje aliyempa habari, na huyo naye aliipata wapi. Hiyo ndiyo isnadi, na elimu ya hadithi imeisimamia kwa zaidi ya miaka elfu moja. Isitoshe, huyo al-Nahrawali alidai kwamba Wareno walimlevya Ibn Majid ndipo akawaonyesha njia. Fahari unayoisema iko wapi?

Mwalimu Mstaafu, Likoni: Kwa hilo la ulevi umembana. Ila msidhani kwamba aliyekuwapo hakosei. Shajara ya msafara iliandikwa na mtu aliyekuwa chomboni, naye anasema rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi alikuwa Mkristo. Watu hao hao walipofika Calicut waliingia hekalu la Kihindu wakasali humo wakidhani ni kanisa, kwa sababu walitoka kwao wakiwa na azma ya kuwapata Wakristo wa Mashariki. Hekalu waliliona kwa macho yao. Jina walilolipa walikuja nalo kutoka Lisbon.

Mmalindi wa Kisauni: Mwalimu, kwa heshima zote, kila mjadala wa aina hii lazima mfike kwenye "waliyepewa na mfalme wa Malindi", ili sisi tuonekane tuliiuza pwani. Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu kabla ya Mreno kutia nanga, na mgeni mwenye mizinga alikuwa mshirika ambaye mtawala yeyote angemtamani.

Mkaazi wa Kibokoni: Na mshirika huyo ndiye aliyekuja kumtawaza mtawala wa Malindi hapa Mombasa, na mwaka 1593 Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa juu ya vichwa vyetu. Mkikumbushwa, mnakasirika.

Mmalindi wa Kisauni: Baina ya miaka hiyo miwili imepita karibu karne nzima, Bwana. Ukitaka kumlaumu mtawala wa 1498, lete alilolitenda yeye, si la waliomrithi. Na ukilikosa, basi mlaumu rubani, ambaye angalau tumekubaliana kwamba hatumjui.