Mjadala: Muziki kwa watoto wenye ulemavu, kipindi cha skuli au maonesho ya tarehe 3 Disemba?

Asalaam alaikum wana Unguja na Pemba. Nasomesha skuli ya msingi hapa mjini. Darasani mwangu wamo wawili wasiosikia, mmoja haoni, na mmoja ana ulemavu wa akili. Kila ikikaribia siku ya watu wenye ulemavu naambiwa, "Maalim, watayarishe watoto waimbe." Wiki mbili tunakariri kasida moja. Wageni wanapiga makofi, wanapiga picha, wanakwenda zao. Hadi mwakani.

Na anayewekwa mbele siku zote ni yule asiyeona, maana ati wasioona ndio wenye sauti (huyu wangu hapendi hata kuimba, anapenda hesabu). Wasiosikia wanakalishwa pembeni. Wa nne anapewa bendera ashike.

Mimi nataka kipindi, kila wiki. Mnaosema asiyesikia muziki haumhusu, katazameni kidumbak, ile taarab ya mitaani yenye vingoma viitwavyo vidumbak. Lile sanduku la mbao, mti na kamba moja, likipigwa linatikisika lote. Niliazima moja, mwanafunzi wangu alilikumbatia, mara mguu ukaanza kugonga sambamba na vidumbak. Evelyn Glennie wa Uskoti masikio yalimpotea utotoni, na akawa mpiga ngoma mashuhuri duniani. Hupiga bila viatu, mtetemo umfike kwa nyayo.

Semeni.

Mzazi, Chake Chake: Maalim, wangu hasikii, yuko darasa la tatu, jina lake bado hajui kuliandika. Mwalimu wa lugha ya alama hana. Akipatikana, nataka amsomeshe kusoma kwanza. Ngoma atazikuta arusini.

Mchangiaji, Wete: Na huyo wa muziki atatoka wapi? Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kipo Mji Mkongwe tangu 2002. Sisi huku tupande boti kila Jumatatu?

Ustadhi, Ng'ambo: Ala za nyuzi mimi simo. Dufu tumelikuta madrasa, hilo sina ugomvi nalo.

Mwenye mada: Mama wa Chake, hapo umenibana, mwalimu wa alama ni wa mwanzo kabla yangu. Ila wangu wawili walikuwa wakihesabu hadi nne kwa kubabaisha. Tulipozipiga mgongoni mwa sanduku, wiki ile ile zikakaa. Ndugu wa Wete, dufu halihitaji boti. Ustadhi, la madrasa yako unaniazima Alkhamisi?

Ustadhi, Ng'ambo: Njoo baada ya laasiri. Ngozi yake imelegea, ulianike kwanza.